Filimbi Nyuma ya Ukuta

Ninyi mtacheka, lakini siku ile nilijua tunakufa. Ilikuwa wakati wa vita, nina miaka kumi na tisa, ninaimba soprano katika kwaya ya parokia yetu hapa Bukavu. Pumu yangu niliificha. Niliogopa wakijua watanipokonya solo ya Pasaka, kwa hiyo siku za mazoezi pompe yangu ya kuvuta dawa niliiacha nyumbani.

Mchana huo tukiwa mazoezini kanisani, risasi zililia upande wa Kadutu. Tukajitupa chini ya mabenchi, vumbi likatujaa puani. Risasi ziliponyamaza, nikasikia filimbi nyembamba: fiii, fiii.

Nikadhani ni askari, nikanong'ona, "Basoda beko nyuma ya ukuta! Banaitana na filimbi!"

Papa Déo, kiongozi wetu, akaniamini. Akavua saa yake, akaisukuma mpaka mlangoni.

"Batoto, mutoe byote. Bakiingia bakute bintu, basitutafute sisi."

Hereni, mikanda na viatu vikarundikana mlangoni. Kadiri nilivyoogopa ndivyo filimbi ilivyozidi.

"Banakaribia!" nikasema, pumzi ikinikatika. Maman Furaha, mwanakwaya mwenzetu, akaanza rozari.

Patient, mwimbaji wa tenor niliyempenda kimyakimya, akatambaa hadi nilipolala, akatega sikio mgongoni mwangu. Moyo ukanidunda. Kisha akaniinua, akaniketisha wima, akasema kwa sauti ambayo kwaya nzima iliisikia:

"Papa Déo, bantu bavale biatu yabo. Filimbi inatoka mu kifua ya huyu."