Tonge la Pili

Mjini Dessie, Ethiopia, ukilalamikia tumbo wakati wa Kwaresima hakuna anayeshtuka. Watu wanashinda na njaa hadi alasiri, kisha wanajishindilia mchuzi wa dengu, nani hatavimba? Ndiyo maana Asnakech, mjane anayepika mikate ya injera ya kuuza, alipoona mshipi wa kitambaa anaouzungusha kiunoni haufiki tena ulipokuwa ukifika, alicheka. "Wenzangu mnakonda kwa mfungo, mimi nanenepa," aliwaambia majirani kwenye kahawa.

Ila hakukaa kitako, wasije watu wakasema alijipuuza. Alianzia duka la dawa, akapewa vidonge vya tumbo. Alipozidi kwenda haja ndogo kila mara, kituo cha afya kikampa dawa za mkojo. Kliniki ya binafsi ikampima damu ikasema taifodi. Mgongo ukamkaza, akachomwa sindano. Na kila alikokwenda alitangulia mwenyewe kusema hata kabla hajaulizwa: "Ni vidonda vyangu vya tumbo hivi, vimeamshwa na mfungo." Basi wakashukuru kurahisishiwa kazi! Hakuna hata mmoja aliyemwambia apande kitandani alifunue hilo tumbo.

Abba Tsige, padri wake wa maungamo, alimruhusu aache kufunga. "Mgonjwa hadaiwi mfungo, mwanangu."

"Si Pasaka hiyo inakuja, baba? Tumbo litashuka lenyewe."

Pasaka ikaja, tumbo likabaki vilevile. Zenebech, dada wa marehemu mumewe, mwanamke asiyejua kumeza neno, akaja na chungu cha mchuzi wa kuku aliokesha akiupika. Sasa, kwa watu hawa tonge la kulishwa kwa mkono halikataliwi, na likishaingia la kwanza, la pili lazima lifuate. Zenebech akakunja tonge nono, akamtia wifi yake kinywani. Asnakech akalimeza kwa taabu. Lilipokuja la pili, akafumba mdomo.

"We! Unanifumbia mdomo mimi?"

"Wifi, halipiti."

"Halipiti nini? Dengu umezila Kwaresima nzima zikapita, leo kuku wangu ndiye hapiti? Si useme tu mkono wangu unakutia kinyaa!"

"Haki ya Mungu halipiti."

"Nyoo! Hebu tulione hilo tumbo la kifalme!" Zenebech akamkandamiza tumbo kwa kiganja, kwa hasira kabisa. Kisha akalipapasa taratibu. Lilikuwa limekaza kama ngoma, na upande mmoja kulikuwa na kitu kigumu. Hasira zote zikamwisha, akaingiwa na hofu.

"Hizi si dengu, dada," alisema. "Kesho hospitali kubwa. Na ukitaja vidonda vya tumbo huko, nakuacha hapohapo."

Asnakech hakuvitaja. Alipigwa picha ya tumbo, akatolewa maji tumboni, akaambiwa ni saratani ya ovari, vifuko vya mayai ya uzazi, na imeshatapakaa. Watampasua, kisha zifuate dawa kali, kupona hawakumwahidi.

Siku moja kabla ya kupasuliwa, daktari alisimama kando ya kitanda chake na wanafunzi wake. "Ugonjwa huu unatushinda kwa sababu akina mama wanachelewa kuja," aliwaambia. "Kama mama huyu."

Asnakech alikuwa macho. "Nani kachelewa, mwanangu? Mimi nimekuja tangu mwanzo wa Kwaresima. Duka la dawa nilikwenda, kituo cha afya nilikwenda, kliniki nilikwenda, sindano nimechomwa."

Zenebech alikuwa hapo na bakuli la uji.

Daktari akavuta kiti. "Na huko kote, mama, nani alikugusa tumbo?"

"Hakuna," alisema Asnakech. "Wa kwanza ni wifi yangu huyu, na yeye alikuwa amenikasirikia."