Keremkerem wa Ukuta wa Duara

Vumbi la karasha, mashine ile ya kusaga mawe ya dhahabu, lilinuka kama jiwe lililoungua, na miaka ile Nyamongo yote ilinuka hivyo, hata uji wa asubuhi. Nilikuwa darasa la sita, mtoto wa kufuta na kuandika upya mpaka daftari linatoboka. Dada yangu Robi aliniazima simu yake iliyopasuka kioo. Katika ukuta wa duara moja, shimo ambalo wachimbaji walikuwa wameliacha, ndege wawili, keremkerem, walikuwa wametoboa tundu lao: mgongo wa kijani, koo la njano, kifua cha rangi ya chungwa. Nilitaka picha yao moja tu isiyo na kasoro, na nilitaka upesi, kwa sababu wachimbaji walisema wanarudi kuubomoa ule ukuta.

Picha zangu zote zilitoka zimefifia, kana kwamba zimechovywa kwenye maziwa. Nilijibanza nyuma ya jiko nikiziongezea rangi kwenye simu, nafuta, naongeza tena. Mama alitazama akauliza, “Huyu ni ndege au kitenge?” Robi ndiye aliyeipindua simu, akapitisha ncha ya kanga kwenye jicho la kamera na kunionyesha weusi uliobaki kwenye kanga. Kumbe siku zote nilikuwa nikirekebisha vumbi.

Kesho yake nilikimbia kule duarani, nikawakuta wachimbaji wameshafika na sururu zao. Walichukia kamera, waliogopa sura zao zisije zikafika kwa walinzi wa mgodi mkubwa, maana walichimba bila kibali. Nilimwamkia kiongozi wao, Mzee Chacha.

“Marahaba. Sikiliza, mura, we kijana. Ukinipiga picha mimi, simu inabaki humo chini.”

Nikamwambia namtaka ndege tu, na sitaondoka bila picha yake. Akawageukia wenzake. “Haya, geukeni nyuma. Bwana mkubwa anapiga picha kuku wake.”

Wakageuka wote, wakicheka, wakangoja. Keremkerem akatua kwenye mzizi na kereng'ende mdomoni. Nikabonyeza. Kabla sijafika njiani nilisikia ukuta ukiporomoka.

Sasa napiga picha za ndege karibu na lango la hifadhi la Ikoma, kwa kamera inayoonyesha kila unyoya, na rangi nazigusa kidogo sana. Picha za leo ni kali kuliko ile. Ila kuzipata ni rahisi mno: hakuna hata moja ambayo watu wazima waliacha dhahabu yao, wakanipa mgongo, ili niipate.