Loisi na Mahindi Mabichi

Binti yangu Loisi hupepeta mahindi kwenye ghala moja la Kibaigwa. Wapepetaji hung'ata punje kujua kama zimekauka. Mwezi uliopita aling'ata, akamwambia msimamizi wao Chiwanga, "Bosi, haya bado mabichi, yataoza."

Chiwanga akamjazia viganja. "Kama ni mabichi, mwalimu, yatatafunika. Piga magoti, tafuna!"

Alitafuna mpaka akatapika. Chiwanga akawageukia wapepetaji wengine. "Mbona hamcheki?"

Wakacheka. Paulina, shoga yake Loisi, alicheka kuliko wote. Kisha wakayajaza mahindi yale yale kwenye magunia.

Siku hizi hata nyumbani, nikimuuliza kama chumvi imekolea kwenye mlenda, Loisi hunitazama kwanza usoni, halafu hujibu, "Unavyoona wewe, mama."