Ndui ya Hua wa Komarock

Mamangu hagusi wali kabla ndege hawajala. Tangu baba afariki, kila asubuhi hutoa sinia la bati kwenye kibaraza chetu hapa mtaani Komarock, ghorofa ya tatu, akamimina wali wa jana, akasoma dua, na hua wakashuka. Ni sadaka ya baba, na sinia ni lile alilokuwa akilia chakula chake.

Mimi nilikuwa nalalamikia mavi yao kwenye nguo nilizoanika. Basi siku moja akaja hua ana vinundu vya kahawia usoni, vimekauka kama uji uliogandia sufuriani, na kimoja kimemfumba jicho. Hata vidole vya miguu vilikuwa navyo. Wiki iliyofuata wakawa watatu.

"Maskini," mama akasema, akawaongezea wali.

Ijumaa binti yangu wa miaka minne, ambaye ndiye humbebea bibi yake sinia, aliamka na homa na vipele mgongoni. Hasira zangu ziko karibu, sijifichi. Nilimwambia mama mbele ya mtoto kwamba ametuletea maradhi na hao ndege wake. Mama alichukua sinia, akaingia nalo chumbani, akafunga mlango.

Kliniki, daktari alimtazama mtoto mara moja tu. "Tetekuwanga. Imejaa shuleni." Moyo ulinitulia. Hata hivyo nilipitia duka la dawa za mifugo, nikamwonyesha daktari wa mifugo picha za hua wakidonoa siniani, kwenye simu.

"Hiyo ni ndui ya ndege," akasema. "Haimpati mtu. Mbu huwaambukiza, na wao huambukizana wakila chombo kimoja. Wengi hupona wenyewe. Hilo sinia mnaliosha?"

Hatulioshi, na nilijua kwa nini. Tangu baba ale chakula pale mara ya mwisho, mama hulipangusa kwa kitambaa tu. Aliogopa kwamba akiliosha, atamwosha baba naye aondoke.

Nilimkuta kitandani, sinia mapajani. "Mama, nisamehe. Ni tetekuwanga. Hua wako hawana kosa."

"Alhamdulillahi," akasema, akalia kidogo, nami nikalia zaidi yake. Kisha ikabidi nimweleze: lioshwe kwa sabuni na maji ya moto, likae juani, na ndege wasilishwe mwezi mzima, watawanyike.

Mama akainuka, akateleka maji mwenyewe.

"Baba yako," akasema akisugua, "hakupenda chombo kichafu."

Mwezi ule mama alikula mkate na viazi. Ulipokwisha, alitoa sinia linalong'aa. Hua wa kwanza kutua alikuwa na kipara kidogo pale kinundu kilipodondoka, na jicho lake lilikuwa wazi. Akadonoa punje moja, akadonoa ya pili.

Mama akaingia jikoni, akajipakulia wali.