Mlango Nilioufunga Saa Mbili

Niseme mapema: mimi ni mtoto wa delta, nimezaliwa Kiongoroni. Kwa hiyo sina pa kujifichia.

Nilikuwa msimamizi wa wauzaji wa taa za sola pale Kibiti, kampuni ilipotugawia simu za kusajilia wateja. Madaftari mwisho, wakasema. Mafunzo nitatoa mimi, Jumatatu, kila baada ya wiki mbili, saa mbili kamili asubuhi, na atakayechelewa asiingie. Hawakuuliza wauzaji wanatoka wapi. Mimi niliyejua nikanyamaza, maana cheo kilikuwa kipya, na kitamu jamani!

Mmoja wetu alikuwa mama wa makamo wa Kiongoroni, hodari wa kuuza kuliko sote. Hakutaja taa kabla ya kuulizia mgonjwa na kutoa pole ya msiba. Jumatatu ya kwanza akafika saa tano, miguu ina tope.

"Mwanangu, si unayajua maji yetu? Yamekupwa, boti imekwama."

"Wenzako wamefika, mama," nikamjibu, nikafunga mlango. Na maji hurudia saa zake kila wiki mbili, hilo kwetu hata mtoto analijua. Nilijua kabisa kwamba atachelewa kila mara. Mkataa kwao mtumwa.

Akachelewa mara zote tatu, na mara zote tatu akakaa kwenye benchi nje ya dirisha. Mwishoni makao makuu wakataka fomu ya tathmini ya kila muuzaji. Kwake nikaandika: hayuko tayari kwa mabadiliko. Loo, mkono huu! Barua ya kumwachisha kazi ikaja, wakaniagiza nimpelekee.

Nilimkuta bandarini pale Nyamisati akingoja boti. Nikamwamkia. Kabla sijasema neno akatoa simu.

"Hebu niangalie kama napatia. Nilikuwa nasikiliza pale dirishani, mengine nimejaribujaribu mwenyewe."

Akamsajili mteja wa kubuni, hatua kwa hatua, asikosee hata moja. Mimi mwalimu, hatua ya picha ilikuwa bado inanishinda.

Ningeweza kurudi na ile barua, nikawapigia makao makuu, nikasema nimekosea. Nilichelea kuonekana msimamizi asiyejua watu wake. Najuta mpaka leo, na sina wa kumlaumu.

"Umepatia, mama," nikamwambia, nikamtolea ile barua.

Akacheka kwa furaha, akanyoosha mikono miwili kupokea bahasha. Alidhani ni cheti.