Ahadi Kutoka Pasifiki

Mpwa wangu aliponiomba nimpeleke nyumba kwa nyumba akawaulize watu wana nini ndani, nilipaswa kumwambia hapana. Badala yake nilivaa viatu vyangu vya kwendea mjini nikatangulia mbele, yeye nyuma na kishikwambi chake.

Kwetu si jambo jepesi kumkatalia mpwa. Sisi Wamwera tunahesabu ukoo kwa upande wa mama, na mtoto wa dada ndiye mtu wako hasa. Huyu nilimlea tangu dada yangu alipofariki. Nilimsomesha kwa korosho, na alipoingia chuo kikuu niliuza kipande cha shamba. Mimi niliishia kidato cha nne, nikawa karani wa mizani katika chama cha wakulima hadi nilipozeeka. Kila alichokipata yeye huko juu nilikiona kama nimekipata mimi.

Alikuwa amerudi kutoka nchi moja ya visiwa vidogo katika Bahari ya Pasifiki, alikofanya kazi ya takwimu kwa mkataba. Aliniletea zawadi mbili. Moja ilikuwa shati la maua makubwa, ambalo mke wangu alinikataza kulivaa nje ya uwanja wetu. Nyingine ilikuwa kitabu cha takwimu za uchumi na fedha za nchi ile. Kilikuwa cha Kiingereza, lakini Kiingereza changu cha shule kilitosha kusomea vichwa vya majedwali, na hesabu hazina lugha.

Nilikisoma kitabu kile kama watu wengine wanavyosoma hadithi. Kulikuwa na ukurasa wa kopra, yaani nazi zao za kukausha, ukurasa wa meli za kigeni zinazolipa ili zivue jodari katika maji yao, na ukurasa wa fedha ambazo mabaharia wao huwatumia wazazi. Niligundua kwamba mwaka bei ya kopra ikianguka, ukienda ukurasa wa bidhaa zinazoingia unakuta mchele na sukari vimepungua. Nilimwona kabisa mzee mwenzangu wa huko akitoka dukani na kifurushi kidogo kuliko alivyokusudia. Hapa kwetu ufuta ukianguka bei, nani anaandika?

"Tutakiandika cha kwetu, mjomba," mpwa wangu alisema. "Cha wilaya zetu hizi mbili, Nachingwea na Ruangwa. Watu wa nchi ile wote ungewaweka hapa wakaenea, na wana kitabu. Sisi tuna nini? Na jina lako nitaliweka ukurasa wa mbele."

Nakiri jina lile lilinilevya. Sikumuuliza nani anagharamia mafuta ya pikipiki, wala posho niliyopewa inatoka mfuko gani.

Tulianza vijiji vya upande wa Mnero. Watu walisita, na walikuwa na haki. Mtu akiulizwa ana magunia mangapi ndani, shida gani inamkabili mwaka huu, na akibanwa atauza kwa bei gani, anawaza kodi, anawaza wezi. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mpwa wangu hakunituma. Mwanzoni mwa kile kitabu kulikuwa na maneno ya ofisi yao: kwamba majibu ya mtu mmoja mmoja hayataonyeshwa kwa yeyote, na yatatumika kwa hesabu za jumla tu. Nilikibeba kitabu kwenye mfuko wa plastiki, na kila nyumba nilikifungua mahali pale nikawasomea kwa Kiswahili.

"Mmesikia?" niliwaambia. "Imeandikwa. Imepigwa muhuri."

Nilisoma ahadi ya watu wa upande mwingine wa dunia kana kwamba imewekwa na mpwa wangu. Yeye alisimama pembeni akitikisa kichwa kukubali. Watu waliniamini kwa sababu ya miaka yote niliyowapimia mazao bila kuchezea mizani. Wakasema yote.

Ng'ambo ya mpaka wa wilaya, upande wa Ruangwa, alikuwapo mtani wangu. Yeye ni Mmakua, wazazi wake walivuka kutoka Msumbiji, na baba yake alikuwa mtani wa baba yangu. Mtani kwetu ana haki ambayo ndugu hana. Mama yangu alipofariki, alirukia ndani ya kaburi kabla halijakamilika, akalala chali, akasema hatoki mpaka alipwe kuku ambaye bibi huyu alimdhulumu. Watu waliokuwa wakilia walicheka mpaka wakaishiwa nguvu, na mimi nikaweza kumzika mama. Tangu siku ile mke wangu alikuwa akimwambia, "Nikifa mimi, ukiomba chini ya jogoo nitaona umenidharau."

Tulipoingia uwanjani kwake alipiga kelele kabla hatujashuka kwenye pikipiki.

"Mwizi wangu amekuja! Mama watoto, fungia kuku!"

"Kuku gani wa kuiba hapa?" nikamjibu. "Wamekonda kama mwenyewe."

Mpwa wangu akatoa kishikwambi. Mtani akajiweka sawa kwenye kigoda kama mtu anayepigwa picha.

"Andika, kijana. Nina mke mmoja mkali, mbuzi mmoja kiwete, na mtani mmoja aliyenifilisi."

"Na ufuta, mzee?"

"Ufuta wote ameula huyu. Mtazame tumbo."

Hakujibu hata swali moja sawasawa. Aliniheshimu kwa njia yake, maana angeweza kutufukuza. Tulicheka, tukanywa uji, tukaondoka.

Njiani mpwa wangu alipunguza mwendo. "Mjomba, yule mzee ametania tu. Nikiandika hivi, kitabu chetu kitakuwa cha uongo. Kweli ana nini?"

Nami nikamwambia. Nilimwambia kuhusu magunia ya ufuta yaliyopangwa nyuma ya kitanda cha mtani, ambayo alikuwa hajayapeleka ghala la chama, ambako sheria inataka ufuta wote uuzwe kwa mnada, kwa sababu malipo yangeweza kuchelewa, naye alitaka kuyatoa kwa wakati wake. Nilimwambia kwamba binti yake wa mwisho alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, na ni lini ada ilitakiwa. Mtani alikuwa amenieleza hayo peke yangu, siku asiyotania. Mpwa wangu alisimamisha pikipiki, akaandika.

Wiki chache baadaye mtani alikuja kwangu kwa baiskeli. Mke wangu alimtolea kigoda. Hakukaa.

"Magunia ya nyuma ya kitanda," aliniuliza, "nani mwingine alijua?"

"Mimi."

"Na siku ya ada?"

"Mimi."

"Basi."

Nilimsihi anieleze. Alieleza kwa sauti ya chini, akiangalia usukani wa baiskeli. Alikuja mnunuzi wa kangomba, hawa wanaonunua kwa kificho nje ya mnada, siku chache kabla ya chuo kufunguliwa. Hakuuliza kama kuna ufuta. Alisema, mzee, toa yale ya nyuma ya kitanda, na akataja bei ya kuonea. Mtani alipokataa, yule mtu akamkumbusha kwamba kuuficha ufuta nyumbani kunaweza kumletea matatizo, na kwamba binti hatasubiriwa. Mtani aliuza. Fedha haikufika ada, na nafasi ya binti ikaenda kwa mwingine.

"Mimi nilimtania yule kijana," alisema akipanda baiskeli, "nikidhani wewe utanilinda."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alichukua kile kigoda akaingia nacho ndani.

Nilimpigia simu mpwa wangu. Alipokea akiwa na furaha, akaniuliza hali ya mke wangu.

"Umempa nani majibu ya watu?"

"Mjomba, nani unadhani alinunua vishikwambi? Serikali? Tajiri wa hao wanunuzi wa ufuta ndiye mfadhili tangu mwanzo. Hizi ni taarifa za soko. Dunia nzima zinauzwa."

"Na ile ahadi?"

"Ahadi gani? Ile ni ya kule, mjomba. Wewe ndiye uliyekuwa unaisoma. Mimi nilikwambia uisome?"

Alikuwa amenisaliti, mtoto niliyemvalisha sare yake ya kwanza, na alikuwa amenisaliti kwa ukweli, ambao siwezi kuupinga hata leo. Alisimama katika nyua za watu akitikisa kichwa huku nikisoma, lakini mdomo wake haukusema kitu. Uliosema ni wangu.

Nyumba nyingine nazo zilipata wageni wao. Kila mmoja alishangaa jinsi mnunuzi alivyojua, kisha akaacha kushangaa. Hakuna aliyenitukana. Nikipita, salamu ilijibiwa na mtu akaendelea na jembe lake. Nilikwenda kwa mtani mara kadhaa, na alinipokea. Aliniambia "Karibu, mzee," akamwita mkewe alete maji ya kunywa. Nilijaribu kumchokoza kuhusu yule mbuzi kiwete. Akanijibu kwamba alikwisha kumuuza, akanishukuru kwa kuuliza. Nilitoa fedha kidogo kwa ajili ya binti. Alinirudishia mkononi kwa adabu kubwa.

Kitabu chetu hakikuandikwa. Cha wale watu wa Pasifiki bado ninacho. Sidhani wao wana kosa lolote. Waliahidi wenyeji wao, na naamini walitimiza.

Mwaka uliofuata mke wangu aliugua na akafariki katika hospitali ya misheni. Tulimrudisha nyumbani asubuhi. Mpwa wangu alituma rambirambi kwa simu. Nilimtazamia mtani njia nzima. Nilikuwa nimemfunga jogoo mkubwa kwenye nguzo ya jiko, tayari, kwa ajili ya kumkomboa marehemu.

Alikuja. Alikuwa amevaa koti, ingawa jua lilikuwa kali. Alifika mkekani nilipokaa, akanipa mkono, akasema, "Pole sana, mzee wangu. Mungu ampumzishe pema." Akaweka rambirambi yake kwenye sahani kama watu wengine, akaenda kukaa nyuma. Makaburini alitupia udongo wake alipofikiwa na zamu. Vijana waliokuwa wakichimba walimtazama, wakimngoja aruke. Walinitazama mimi. Tukazika. Jioni jogoo alikuwa bado kwenye nguzo.

Posho ya mpwa wangu niliila ikaisha, na jina langu halikuandikwa popote. Nilichopoteza ni mtani. Mke wangu alizikwa kimya, na mimi nikifa nitazikwa vivyo hivyo.