Bi Sawasawa Ajifunza Kupendelea

Mwenzangu wa dukani, fundi picha, tunamwita Bi Sawasawa. Mimi nashona upande wa dirisha, yeye na kompyuta yake kuukuu wako upande wa mlango. Nikikuambia huazima tepu yangu ya kupimia nguo ili awakatie wanawe mkate vipande vilivyo sawa, usidhani natia chumvi. Kwake, kumpendelea mtu ni dhambi.

Siku moja akaja bibi mmoja na kipicha kilichokunjika usoni. Ni cha mwanawe, aliyefariki akiwa bado anatambaa, na picha nyingine hana. Jicho moja la bibi lilikwisha kufa, la pili lilikuwa linafuata.

"Nikuzie uso wake, mwanangu," alisema. "Nimwone kabla sijapofuka."

Bi Sawasawa akakiingiza kipicha kwenye kompyuta, akaanza kufuta mikunjo. Kompyuta ikaganda. Akagusa tena, ikaganda tena. Mashine ileile ilikuwa inacheza muziki, inachapa kadi za harusi na kusaka virusi.

"Ipe programu ya picha kipaumbele," nikamwambia. Mle ndani kuna mahali pa kuchagua programu ipi ihudumiwe kwanza. Akaipandisha ya picha. Halafu, si unamjua, akaipandisha ya muziki, ya kadi na ya virusi. Muziki ukaanza kukatakata, picha haikusogea.

"Umezipandisha zote, sasa ipi imepanda?" nikafoka.

"Nimeona vibaya kuziacha."

"Mashine haina kinyongo, dada. Zishushe."

Bibi alikuwa amesogeza kiti mpaka pua inakaribia kioo cha kompyuta. Bi Sawasawa akamtazama, akazishusha moja moja. Ya picha ikabaki juu peke yake.

Jamani, nilisimamisha cherehani. Kila alipogusa, palitii papo hapo. Mkunjo ukatoweka, nyusi ikatokea, kisha jicho. Nimeficha viraka maisha yangu yote, sijawahi kuona kiraka kikiondoka hivyo. Akaukuza uso ukajaa kioo kizima, nami mwili ukanisisimka, sioni haya kusema.

Bibi akaweka kidole kwenye shavu lile ambalo mkunjo haukuligusa.

"Ana kishimo," alisema polepole. "Nilikuwa nimeshasahau kishimo chake."

Hapo mwenye kadi za harusi akaingia kuulizia kazi yake. Bi Sawasawa hata hakugeuka.

"Keti usubiri," alimwambia. "Bibi bado anamtazama mtoto."